Ndege Hakufunga Njia ya Mtoni

Taja vinamasi katika baraza lolote huku Gesima na haitachukua muda kabla mtu hajasimama kuuliza: "Kwani ndege na mtu, nani ana maana zaidi?" Watu watacheka, watapiga makofi, na mjadala utaishia hapo. Mimi nasema swali hilo ni mtego. Linamfanya korongo taji aonekane kama jirani aliyesogeza mpaka, ilhali waliosogeza mpaka tunawajua. Wana miguu miwili kama yeye, ila mabawa hawana.

Tuanze na huyo ndege. Korongo taji ndiye yule mrefu mwenye kishungi cha dhahabu, ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Hutaga mayai mawili au matatu juu ya tuta la nyasi katikati ya kinamasi, na dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Vifaranga nao huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya kuruka. Hadai ekari. Anadai maji ya kina kifupi na miezi michache bila kusumbuliwa. Hata hicho kidogo tumemnyima, yeye na wenzake kwingineko, hadi mwaka 2012 shirika la IUCN likamwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Sasa tuulizane ukweli: nani alifunga njia ya mtoni? Mashamba ya Gusii yalipimwa kwa vipande virefu vinavyoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi majini. Bonde, lililokuwa la malisho na la kukata nyasi za kuezekea, likawa mkia wa shamba la fulani. Fulani akachimba mitaro, akapanda mikaratusi, hii tunayoiita blugamu, kwa sababu viwanda vya chai vinataka kuni na wachoma matofali nao wanataka kuni. Mti huo hunywa maji kama ng'ombe aliyerudi kutoka safari. Chemchemi ikapungua, ua likasimama. Mama anayechota maji sasa anazunguka. Kijana aliyezoea kushuka Jumapili na ndoano na kopo la nyungunyungu kutafuta mumi wawili watatu anafukuzwa kama mwizi. Korongo naye amehama. Wote watatu wamefukuzwa na mtu mmoja. Kwa nini basi tunawagombanisha wao kwa wao?

Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Nyamira ilikuwa na watu 605,576 katika sensa ya 2019, karibu 675 kwa kila kilomita mraba. Mjane mwenye robo ekari hakupanda blugamu kwa uchoyo. Alipanda ili alipe karo. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na vyanzo vya maji ing'olewe. Amri ilikuwa ya haki, ila amri hailipi karo. Ndiyo maana ukishuka mabondeni leo bado utaikuta imesimama.

Wahifadhi nao wasijifiche nyuma ya ndege. Ukija na gari, ukapiga picha, ukasimamisha kibao cha "Usiingie" kisha ukarudi Nairobi, umempa aliyekausha bonde hoja aliyokuwa akiitafuta.

Pwani wametuonyesha njia nyingine. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu, vitwitwi na ndege wengine wa ufukweni hufika kila mwaka wakikimbia baridi ya kaskazini. Wavuvi hawakufukuzwa horini kwa ajili yao. Lilijengwa daraja jembamba la mbao katikati ya mikoko, mgeni analipa kupita, na kupitia mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na A Rocha Kenya mwaka 2001, pesa hizo husaidia kulipa karo za watoto wa sekondari wa eneo hilo. Pale ndege analipa karo. Hapa kwetu tumeiachia blugamu kazi hiyo.

Sheria tunayo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza kukausha kinamasi bila idhini. Tunachokosa ni mapatano, na hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Moyo wa kinamasi, penye viota, ufungwe mpaka vifaranga waruke. Njia ya kwenda kisimani na ukingo wa mto viachwe wazi mwaka mzima, kwa mtungi na kwa ndoano. Anayeng'oa blugamu apewe miche ya mianzi na fidia ya misimu ya kwanza, na viwanda vinavyochoma kuni hizo vichangie, maana vimefaidika kuliko yule mjane.

Mwakilishi wetu wa wodi apeleke hoja hiyo kwenye bunge la kaunti. Korongo hapigi kura, sawa. Yule mama anayezunguka na mtungi anapiga.