Kwanza Muulize Mgonjwa

Bartimayo wa Yeriko alikuwa kipofu, na kila aliyepita njiani siku ile alilijua hilo. Aliketi kando ya njia akiomba, akapaza sauti, wakamkemea. Yesu alipomwita, hakuna aliyehitaji kuelezwa shida yake. Hata hivyo Bwana alimuuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10:46-52). Yeye ajuaye yote aliuliza. Sisi tusiojua hata nusu tunaagiza mashine kwanza, kisha tunamwita mgonjwa aje apigwe picha nayo.

Chukua mashine za kusoma alama za vidole, ambazo siku hizi hutumika sehemu nyingi kumtambua mtu kabla hajatibiwa. Uzee hukausha ngozi ya vidole, na jembe hufuta mistari yake. Bibi aliyelima miaka 40 anaweka kidole, mashine inamkataa. Anakipangusa kwenye kanga, anakiweka tena. Nyuma yake foleni inaguna. Mikono iliyosomesha watoto kwa kulima ndiyo hiyo sasa inayomzuilia dawa! Sidhani aliyepanga utaratibu huo ni mtu mbaya. Nadhani tu hakumwita bibi huyo siku ya majaribio.

Inawezekana kufanya vingine. Mmarekani Ralf Hotchkiss alipooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966. Akiwa mwenyewe mtumiaji wa kiti mwendo, akawa mbunifu wa viti hivyo, na mwaka 1980 alikwenda Nicaragua kujifunza kwa vijana wenye ulemavu waliokuwa wanajirekebishia viti vyao. Baadaye Amos Winter, mhandisi wa chuo cha MIT, alileta kwetu Afrika Mashariki kiti kinachoendeshwa kwa kusukuma mikono miwili ya chuma, kifae njia za mawe na mchanga. Watumiaji walikijaribu mwaka 2009. Njiani walikipenda. Nyumbani wakasema ni kizito, tena kipana mno. Wabunifu wakarudi kukipunguza uzito na upana. Upana wa mlango wa chumba cha mgonjwa ni elimu ambayo profesa hawezi kuipata maktabani.

Lakini kuuliza ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani, kwa sababu wazee wetu wana adabu. Mpelekee mzee kifaa cha msaada, umuulize mbele ya mfadhili kama kinamfaa. Atakujibu, “Kizuri sana, mwanangu, Mungu akubariki.” Mwezi ukiisha utakikuta kimeanikiwa nguo. (Sisi mapadre tunalijua jibu hilo, ndilo tunalopewa tukihubiri dakika 50.) Ukitaka ukweli, kaa naye bila haraka, mfadhili akiwa ameshaondoka. Mpe simu yenye programu ya kumkumbusha dawa, kisha unyamaze umtazame. Maandishi anayaona? Kidole kinachotetemeka kinabonyeza mahali pake? Au anamsubiri mjukuu atoke shule, na hapo siri ya ugonjwa wake inakuwa mali ya nyumba nzima?

Wataalamu wengine huniambia mgonjwa hana elimu ya kubuni vifaa. Ni kweli, hawezi kukokotoa kipimo cha dawa. Ila anajua kitanda cha wodi ni kirefu kiasi gani saa 8 usiku anapotaka kushuka kwenda msalani, na nani ataanguka. Na wanaosema kuuliza kunachelewesha mradi, wakahesabu pia gharama ya kifaa kilichofungiwa stoo.

Kanisa lina hospitali na zahanati nyingi. Jambo hili ni letu. Kamati zetu za afya zimejaa wahasibu, wauguzi na, naam, mapadre. Ninapendekeza kila kamati inayotaka kununua kifaa au programu iwaite kwanza wazee watatu na wagonjwa wawili kutoka jumuiya ndogo ndogo, walipiwe nauli, wakijaribu wenyewe kabla fedha haijatoka, na wakikikataa, kisinunuliwe.

Tangu mwaka 2021, kwa kuanzishwa na Papa Fransisko, Jumapili ya nne ya Julai ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Parokia nyingi huwapelekea sukari na sabuni. Zipelekwe. Mwaka huu tuwapelekee pia daftari na kalamu, na vijana wawili wa kuandika kila wanachosema kuhusu kitanda, fimbo, miwani na simu zao, hasa malalamiko.