Udongo wa Bara Katika Bahari Yetu

Zikianza pepo za kaskazi na mvua za vuli kunyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ikawa mfano wa chai ya maziwa. Nilipokuwa mtoto wa chuoni tulisema Sabaki unatapika, tukacheka. Leo sicheki.

Mto huo huanzia kwenye milima ya karibu na Nairobi, ukaitwa Athi. Ukishapita Ukambani huandamana na uwanda wa Yatta, mwamba wa lava iliyoganda kwa urefu wa kilomita 300 hivi. Ukikutana na Tsavo huwa Galana, na kwetu ndipo unapoitwa Sabaki. Njiani ni Nyika tupu: miamba mikongwe mno, iliyosagwa na jua na mvua hata ikawa udongo mwekundu. Majani ni haba, na mvua ikija huja kwa ghadhabu. Udongo usio na mzizi wa kuushika hauna budi kufuata maji. Kusi huyapeleka matope Mambrui na Ngomeni. Kaskazi hutuletea sisi.

Wako wasemao ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Sivyo. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huweka alama ya matope ya mwaka wake. Kwa miaka 200 ya mwanzo alama hiyo haikubadilika sana. Mwanzoni mwa karne ya 20, kilimo cha kikoloni kilipopanuka huko juu, ikapanda ghafla.

Tumbawe likifunikwa na matope hukosa mwanga likafa, na tafi wakahama. Hifadhi yetu ya bahari, iliyowekwa mwaka 1968, ina askari wa kumkamata mwenye nyavu. Wa kukamata matope hana.

Wala tusiwalaumu watu wa bara peke yao. Makaa tunayopikia pilau za harusi zetu ni miti ya Nyika hiyo hiyo.

Rai yangu ni kuwa serikali ya Kaunti ya Kilifi iwaendee wenzao wa Machakos na Makueni, iulize ni mashamba mangapi ya miteremkoni yamekosa mitaro ya fanya juu, na iwe tayari kuchangia gharama, maana samaki ni wetu. Na wavuvi waitwe katika kikao hicho kabla ya vuli ijayo.