Butembo: Motere ipimwe kabla wamama hawajatoa feza

Mafundi wa Butembo wanaijua vizuri sauti ya motere ndogo ya esansi ikizunguka bila mzigo. Inalia vizuri, haitoi moshi, na muuzaji anachekelea. Wamama wahami waliochanga likirimba miezi mingi ili wafungue mashini ya kusaga wanalipa. Siku ya kwanza wanamwaga muhogo ndani, motere inazimika. Muuzaji anasema wao ndio wameiharibu, na hawana la kumjibu.

Kibandiko cha nguvu 7 za farasi hakiwezi kuwatetea. Namba hiyo hupimwa kwenye hewa ya karibu na bahari, na Butembo iko zaidi ya mita 1.500 juu. Kila mita 1.000, motere ya namna hiyo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu. Hata ile mpya kabisa, ya 7 haifiki 6 hapa. Na iliyofunguliwa na kurudishwa mara tatu?

Dawa ni ya zamani. Mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony aliitengeneza mwaka 1821, na fundi yeyote mwenye msumeno anaweza kuiiga. Vipande viwili vya mti mgumu vinabana puli ya motere kwa bulo mbili. Mti mrefu unafungwa hapo, na ncha yake inakandamiza mizani, sentimita 71,6 kutoka katikati ya puli. Urefu huo ndio siri yenyewe, kwa sababu unarahisisha hesabu: kilo za mizani mara mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 1.000, jibu ni nguvu za farasi. Bulo zinakazwa polepole, esansi ikiwa imefunguliwa yote. Mizani ikisoma kilo 1,9 kwa mizunguko 3.000, motere ina nguvu 5,7. Uzito wa mti wenyewe uondolewe kwanza, la sivyo fundi anajidanganya. Kifaa cha kuhesabu mizunguko ndicho peke yake cha kununua.

Mti utatoa moshi, kwa hiyo maji yawe karibu. Kizuizi cha chuma kishike ule mti mrefu usije ukampiga mtu, na watoto wakae mbali.

Kuna mafundi wanaosema sikio lao linatosha. Sikio la fundi mzee ni la kuheshimiwa kweli, lakini mteja hawezi kurudi nalo nyumbani. Namba iliyoandikwa kwenye risiti, pamoja na tarehe, anaweza kurudi nayo dukani. Ndiyo maana kupima kunapaswa kuwa sharti la kuuza, hata kama kunakula robo saa na esansi kidogo. Gharama hiyo ni ya muuzaji.

Mpaka mafundi wakubali, wamama wasiende dukani mikono mitupu. Wabebe beseni la muhogo mkavu, motere ifungwe kwenye mashini palepale, na beseni lisagwe lote kabla ya feza kutoka kwenye kitenge.