Je, Yafaa Kumlilia Punda?

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Wiki hii tumepokea maswali kutoka kwa binti mmoja aliyeolewa Malindi, ambaye kwao ni Mwingi, katika kaunti ya Kitui. Maswali yenyewe ni matatu, na yote yahusu punda wa mama yake, aliyekufa siku chache baada ya Idi. Huenda wako watakaocheka. Twawaomba wasubiri, kwani ndani ya maswali haya mna riziki ya nyumba, karo ya mtoto, na hukumu ya sheria ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia. Kwa idhini ya binti huyo twaeleza kisa, na majina tumeyasitiri.

Mwaka 2011, ukame ulipokuwa umeikausha nchi ya Ukambani, mama huyu alimkuta punda jike amelala kando ya barabara iendayo Garissa. Mgongo wake ulikuwa kidonda kitupu kwa kuchubuliwa na mizigo, na mguu mmoja hakuweza kuukanyagia. Mama akampa maji kwenye sufuria. Hakumchukua kimya kimya, bali alitangaza sokoni na msikitini mpaka mwenyewe akapatikana. Mwenyewe akasema, "Mchukue, mama. Mimi nimekwisha kumhesabu maiti." Basi akawa wake kwa kauli ya mmiliki mbele ya watu. Akamwosha vidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akamwita daktari wa mifugo, na kwa muda wa miezi hakumtwika kitu. Watoto wakamwita Kijivu, kwa rangi yake.

Alipopona, Kijivu ndiye aliyeishika nyumba ile. Wanaoijua Mwingi wajua kwamba Mto Tyaa hauna maji juu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji yako chini ya mchanga, na watu huyachimbia. Mwanamke asiye na punda hujitwika mtungi mmoja wa lita 20 mgongoni, kamba imepita kipajini. Punda hubeba minne kwa safari moja, yaani lita 80. Mama alikuwa mjane. Mitungi miwili ilikuwa ya nyumba, na miwili aliiuza. Kwa mitungi hiyo ya kuuza, binti aliyetuandikia alisoma mpaka akamaliza shule.

Ulipofika mwaka 2019, Kijivu alikuwa amechoka. Na hiyo ndiyo miaka ambayo madalali wa punda walizunguka vijijini. Tangu 2016 yalifunguliwa nchini Kenya machinjio ya punda, Mogotio, Naivasha, Lodwar na Machakos. Ngozi zilipelekwa China, ambako huchemshwa zikatolewa gundi itumiwayo kuwa dawa, iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, ilihesabu kuwa kati ya 2016 na 2018 walichinjwa punda zaidi ya laki tatu. Punda waliibiwa usiku, wakachunwa vichakani, na wenyewe asubuhi wakakuta mizoga. Dalali alifika kwa mama huyu na fedha taslimu. Katika nyumba hiyo hiyo alikuwamo mjukuu aliyerudishwa kutoka shule kwa karo. Mama akakataa kuuza. Mjukuu akakaa nyumbani muhula mzima, na hata leo, akiwa kijana, husema kwamba nyanya yake alimpenda punda kuliko yeye.

Sasa maswali ya binti ni haya. Je, mama yangu alikosea alipokataa kuuza? Je, yafaa kumlilia punda, maana mama amelia siku tatu na watu wanamcheka? Na je, alifanya sawa kumzika, ilhali walikuja watu wakitaka kununua ngozi?

Tuanze na machozi, kwani jambo lake ni jepesi. Mtume wetu (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akafundisha kwamba jicho kutoka machozi na moyo kuhuzunika si kosa, kosa ni kusema yale yanayomchukiza Mola. Mnyama hasaliwi, hakafiniwi, wala hakuna hitima wala eda kwa ajili yake. Lakini huruma ni katika aliyoyaweka Mwenyezi Mungu mioyoni, na aliyeishi na kiumbe miaka kumi na zaidi, akala kwa jasho lake, asipohuzunika ndiye wa kustaajabiwa. Watu wa nchi nyingine huwalilia farasi wao na kuwasimulia kwa fahari, wala hatuwacheki. Kwetu sisi farasi ni wachache. Aliyebeba maji, mawe ya kujengea, nazi na wagonjwa ni punda, na huyo ndiye tuliyemwekea methali ya matusi, tukasema shukrani ya punda ni mateke. Mama wa Mwingi angekuwa na haki ya kutuuliza: na shukrani ya mwanadamu kwa punda ni nini?

Tusisahau kwamba Mtume wetu alipanda punda. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Muadh bin Jabal alikuwa amepakiwa nyuma yake juu ya punda aitwaye Ufayr, na hapo ndipo alipofundishwa haki ya Mwenyezi Mungu juu ya waja wake na haki ya waja kwa Mola wao. Somo hilo kubwa la tauhidi lilitolewa juu ya mgongo wa punda, na punda huyo jina lake limehifadhiwa pamoja na somo. Na alipomwona punda aliyetiwa chapa ya moto usoni, Mtume alimlaani aliyemfanyia hivyo.

Tuje kwenye kuuza, na hapa ndipo penye uzito. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba mwenye mnyama ana wajibu wa kumlisha na kumnywesha. Akishindwa, hulazimishwa moja kati ya mambo matatu: amlishe, au amuuze, au amchinje ikiwa ni katika wanyama waliwao. Punda wa kufugwa haliwi. Uharamu wake ulitangazwa siku za Khaybar, mwaka wa saba wa Hijra, vyungu vikiwa jikoni vyatokota, na nyama ikamwagwa. Basi mlango wa kuchinja kwake umefungwa, na hubaki milango miwili, kulisha au kuuza. Zaidi ya hayo, wamesema kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano wenyewe waliouandika vitabuni ni punda aliyedhoofika kwa maradhi ya kudumu. Madhehebu mengine yana kauli ya wasaa zaidi kuhusu mnyama anayeteseka, nasi twaiheshimu. Lakini dalali wa mwaka 2019 hakuja kupumzisha mtu. Alikuja kutafuta ngozi.

Je, kumuuza? Kuuza punda ni halali kwa atakayemtumia na kumlisha. Ama kumuuza kwa mtu ujuaye wazi kwamba ampeleka machinjioni, twaona kuwa ni kusaidiana katika jambo lililokatazwa, na hilo tumeonywa katika Suratul Maida. Kwa hiyo mama huyu, ambaye pengine hakupata kufungua kitabu cha fiqhi, alisimama pale pale waliposimama wanavyuoni.

Lakini haki ya mtoto je? Hatutaki kuipita, kwani kijana yule ana uchungu wa kweli, na muhula uliopotea si mchezo. Sheria yasema binadamu hutangulia mnyama. Lau ingekuwa mtoto yu karibu kufa kwa njaa au maradhi, maneno yangekuwa mengine. Karo ya shule ni jambo kubwa, lakini haikuwa ya kumtoza mjane pamoja na punda mzee. Mtoto huyo alikuwa na baba, alikuwa na ami zake, na alikuwa na msikiti wenye waumini wanaotoa zaka kila mwaka. Hao ndio waliotangulia katika wajibu. Mnaposema mama yenu alimchagua punda akamwacha mtoto, mwamwekea mizani isiyo yake. Twamwambia kijana wetu: nyanya yako hakukupunguzia mapenzi. Alikataa kulipa deni la watu wazima kwa damu ya kiumbe kilichomlisha mama yako. Na wewe umeonyeshwa mtu asiyemtupa aliyezeeka katika utumishi wake. Siku moja nyanya naye hataweza kubeba mtungi, na hapo utajua faida ya somo hilo.

Swali la mwisho ni la ngozi na kaburi. Kijivu alikufa akiwa ni mfu asiyechinjwa, na mfu ni najisi. Ngozi ya mfu, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, hutaharika kwa kudabighiwa, lakini kuiuza mbichi kabla ya kudabighiwa hakusihi katika madhehebu yetu. Basi waliofika na fedha siku ile walitaka biashara isiyokuwapo. Kumzika mnyama si faradhi, lakini kuwaondolea watu madhara ni katika imani, na mama alichagua mahali mbali na visima vya mchanga. Amefanya vyema.

Yafaa tujue pia kwamba serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwezi wa Februari 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka 2021, kisha mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Watawala wamechukua njia ndefu kufika alipofika mjane wa Mwingi kwa siku moja.

Na sisi wa pwani tusidhani haya ni ya bara peke yake. Lamu punda ndiye gari la vichochoroni, na tangu 1987 pana hospitali ya punda inayowatibu bila malipo. Mwenye punda na asione haya kumpeleka. Asimtwike mwenye kidonda, aweke kitambaa au gunia laini chini ya shogi, ampe maji kabla ya mzigo na baada yake, na akizeeka asimfungulie ovyo akale mifuko ya plastiki jaani. Mama, waonyeni watoto wasimpige mawe. Alikuja ngamia kwa Mtume (s.a.w.) macho yakimtiririka, naye akampangusa, kisha akamwita kijana mwenye ngamia, akamkumbusha kumcha Mungu kuhusu mnyama anayemtia njaa na kumchosha. Kijana huyo alikuwa mmoja wa Ansari, na bado alikemewa.

Katika Suratul An'am tumefundishwa kwamba wanyama ni umma mfano wetu, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Na katika hadithi tumeambiwa kuwa siku hiyo kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Ikiwa hesabu ni nyembamba kiasi hicho baina ya kondoo na kondoo, itakuwaje baina ya punda na aliyempakia? Huyo aliyemwacha Kijivu barabarani na huyo aliyempa maji kwenye sufuria, kila mmoja atakuta alichokitanguliza.

Binti yetu, mpelekee mama salamu zetu, na umwambie alie bila ya haya. Mwenyezi Mungu amlipe kila tone la maji alilomnywesha kiumbe chake, ampatanishe na mjukuu wake, na ateremshe mvua Mwingi na kwetu sote. Amin. Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu maswali ya mirathi yaliyotufikia kutoka Kilifi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.