Jasho la Mwimbaji Nalo ni Jasho

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa katakata mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Kanuni hiyo ilieleweka upesi mashambani na viwandani, kwa kuwa huko jasho huonekana. Haikueleweka upesi hivyo katika kumbi za dansi, ambako mfanyakazi huvaa suti na kushika kipaza sauti, na wanaomsikiliza hudhani kwamba naye anastarehe kama wao. Maisha ya Marijani Rajab yanatosha kuonyesha hasara ya dhana hiyo.

Marijani alizaliwa Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka 1955. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa bado kijana mdogo, aliimba katika STC Jazz, bendi ya Shirika la Biashara la Taifa. Kutoka huko aliingia Safari Trippers, na hapo ndipo sauti yake ilipoenea nchi nzima kwa nyimbo kama "Georgina" na "Rosa Nenda Shule". Bendi hiyo ilipovunjika, aliibukia Dar International, iliyotoa "Zuwena" na "Mwanameka". Wapenzi wa dansi wakamwita Jabali la Muziki.

Inafaa kuangalia jinsi nyimbo hizo zilivyowafikia wananchi. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kutoka hapo nyimbo zikasikika hadi vijijini. Mwanamuziki aliyetaka kazi yake itoke katika sahani za santuri, kwa kawaida alilazimika kutazama Nairobi, kwenye makampuni yaliyotafuta faida yao kwanza. Redio ilimpa mwimbaji jina, tena jina kubwa. Lakini jina halinunui unga. Katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, hata mwanamuziki alipoondoka aliondoka na koo lake tu. Kisha kaseti zikaenea, na kila mwenye mashine ya kunakili akajifanya mchapishaji wa kazi ambazo hakuzitunga wala hakuwauliza wenyewe.

Matokeo yake yanajulikana. Baada ya Dar International kufifia katika miaka ya 1980, Marijani alipita katika bendi nyingine bila kurudia neema ya awali. Katika miaka yake ya mwisho mtu huyu, ambaye sauti yake ilijaa kila baa na kila sebule yenye redio, alikuwa akiuza kaseti mtaani ili apate riziki. Alifariki Machi 1995, akiwa na umri wa takriban miaka 40.

Wako wanaosema kwamba wanamuziki walijiponza wenyewe kwa ulevi na anasa. Hoja hiyo ni nyepesi. Mtumishi wa umma asiyejua kuweka akiba bado hulipwa kiinua mgongo na pensheni, kwa sababu haki ya kazi haipimwi kwa tabia ya mfanyakazi. Mwalimu aliyefundisha darasa moja kwa miaka thelathini hustaafu akiwa na haki yake. Aliyewaambia wasichana wa nchi nzima waende shule, kwa wimbo uliokumbukwa kuliko hotuba nyingi, hakuwa na haki ya namna hiyo. Hapo kosa halikuwa la mtu mmoja; lilikuwa kosa la utaratibu.

Utaratibu huo umerekebishwa kwa sehemu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, tungo za Marijani ni mali ya warithi wake hadi mwaka 2045. Iko pia COSOTA, iliyoundwa kusimamia haki hizo. Lakini sheria iliyomo kabatini haimlishi mjane. Warithi wengi wa wanamuziki wa zamani hawana hata karatasi moja inayoonyesha wimbo upi ulitungwa na nani, na mashahidi wanaojua wanazidi kupungua kila mwaka.

Kazi iliyopo basi ni ya watumishi wa umma kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Maofisa Utamaduni wa wilaya hawana budi kuwatafuta wanamuziki wazee na familia zao, kuandika majina ya watunzi na wapigaji, na kuwasaidia kusajili kazi hizo. Maktaba ya kanda za Radio Tanzania, ambayo sasa iko chini ya TBC, haina budi kutunzwa kama nyaraka za taifa, na kila inapoleta fedha, sehemu ya fedha hizo iwafikie wenye jasho. Ofisi inayopamba sherehe zake kwa nyimbo za zamani ianze yenyewe kulipia leseni, badala ya kungoja kukumbushwa. Walimu nao wanaweza kuwafundisha vijana kwamba kunakili kazi ya mtu bila idhini ni wizi, hata kama mwizi anacheza huku akiiba.

Taifa linapenda kuwasifu wasanii wake makaburini. Sifa hizo ni njema, lakini hazina gharama. Heshima ya kweli kwa Jabali la Muziki ni kuhakikisha kwamba mwimbaji mwingine hazeeki akichuuza sauti yake mwenyewe kando ya barabara, wakati wengine wanaiuza madukani.