Mistari ya mkeka wa mama mkubwa: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,



Mama yangu mkubwa, mkazi wa Tanga, alianza kulalamika kwamba mistari ya mkeka wake inapinda. Amesuka mikeka tangu usichana, anaujua mstari ulionyooka. Baadaye, akichambua mchele, akawa anaona ukingo wa ungo lakini chuya za katikati hazioni. Tukampeleka kituo cha afya. Alimulikwa tochi, akaambiwa, "Bibi, huna mtoto wa jicho. Huo ni uzee tu." Tukaridhika, tukarudi nyumbani. Mwaka uliofuata akawa ananitambua kwa sauti.

Haukuwa uzee tu. Ni ugonjwa wa kuzorota kwa makula, sehemu ndogo ya katikati ya retina tunayoitegemea kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura za watu. Hauumi wala jicho haliwi jekundu, ndiyo maana hupita bila kushtukiwa. Huwapata zaidi waliovuka miaka 50, na sigara huuchochea. Aina kavu hula uoni taratibu, kwa miaka. Aina ya majimaji haina subira: mishipa mipya ya damu huota chini ya retina, huvuja, na katika wiki au miezi michache huacha kovu.

Kinachoniuma, Mheshimiwa, ni kwamba aina hii ya pili ina dawa. Bevasizumabu ilitengenezwa kutibu saratani, lakini Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2013 katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Chupa moja, ikigawanywa na mfamasia kwa usafi unaotakiwa, hutosha wagonjwa kadhaa, na gharama hushuka. Jicho hutiwa ganzi kisha huchomwa sindano, mwanzoni kila mwezi. Kovu likishakomaa, sindano haina la kufanya.

Kwa hiyo nakuomba uanzie zahanati. Jedwali la Amsler ni karatasi yenye miraba na nukta katikati. Mzee anavaa miwani yake ya kusomea, anafunika jicho moja, anatazama nukta. Mistari ikipinda au kukatika, aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kitita cha mafao kizitaje sindano hizi waziwazi, pamoja na lenzi za kukuzia maandishi kwa waliokwisha kuchelewa kama mama mkubwa.

Mama yangu mzazi ni mdogo wake, na maradhi haya hufuata ukoo. Kila Jumapili namfunika jicho moja, namshikia karatasi ya miraba. Hadi leo mistari imenyooka. Siku itakapopinda, Mheshimiwa, naomba niwe na pa kumpeleka.