Basi ni Behewa la Mwisho la Treni

Imezuka kasumba miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu, na hasa wale waliopewa dhamana ya kupanga mambo ya usafiri, ya kuwalaumu wananchi kwa kila fujo inayotokea kituoni. Basi likigombewa, husemwa kwamba watu wetu hawana ustaarabu. Abiria akiingilia dirishani, husemwa kwamba hatujazoea maendeleo. Mtaalamu hutikisa kichwa, huandika maneno "elimu kwa umma" katika taarifa yake, kisha hupanda gari la ofisi na kwenda zake. Asili ya kasumba hii twaijua. Mkoloni naye alitutawala kwa hoja kwamba mtu mweusi hajafika. Lakini ubaya wake mkubwa hauko katika matusi hayo tu; uko katika kuwapumzisha wale ambao walipaswa kufanya kazi.

Ushahidi wa kuivunja hoja hiyo umejengwa kwa fedha za umma na kila mtu anaweza kwenda kuutazama. Tarehe 14 Juni, 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nendeni stesheni mkawatazame abiria wake. Wamesimama mmoja nyuma ya mwingine. Wanaonyesha tiketi na vitambulisho, wanapitisha mizigo kwenye mashine ya ukaguzi, wanatafuta namba za viti vyao na kuketi. Hao si watu walioletwa kutoka Ulaya. Ni wakazi wa Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara. Mama aliyeketi kwa utulivu kando ya dirisha, mkoba wake mapajani, huenda saa moja kabla ya hapo alikuwa akipigana viwiko mlangoni mwa daladala huku mtoto wake akilia mgongoni. Je, alipata semina ya ustaarabu njiani?

Hakupata. Kilichobadilika si tabia yake bali mambo mawili: anajua saa ambayo chombo kitaondoka, na anajua kwamba nafasi yake ipo. Mtu mwenye uhakika hapigani. Foleni haizaliwi na malezi mema peke yake. Huzaliwa na imani ya yule aliyesimama nyuma kwamba zamu yake itafika. Palipo na basi moja kwa watu mia mbili, na hakuna ajuaye kama litakuja jingine, anayesimama kistaarabu ndiye atakayelala njiani. Kumwambia mtu huyo ajifunze kupanga foleni ni kumtaka awe mjinga.

Wala jambo hili si la daladala peke yake. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipoanza kutoa huduma Dar es Salaam mwezi Mei 2016, vituo vyake vilijengwa kwa akili nyingi. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, ili mzee, mlemavu na mjamzito wapande bila kuinua mguu. Nauli hulipwa kabla ya kupanda, ili mlango usizibwe na mtu anayetafuta chenji. Lakini mabasi yalipozidiwa na idadi ya abiria, sakafu ile ile iliyokusudiwa kumrahisishia mzee ikawa uwanja wa mieleka, na mzee ndiye aliyeshindwa wa kwanza. Saruji haikuwa na kosa. Abiria hakuwa na kosa. Palipungua mabasi.

Sasa tuitazame daladala, maana ndiyo inayobeba lawama zote. Serikali iliunda Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, mwaka 1974. Shirika hilo lilipoelemewa, watu binafsi waliruhusiwa rasmi mwaka 1983 kubeba abiria, kwa nauli ya shilingi tano, yaani "dala", na jina likabaki hata baada ya sarafu yenyewe kukosa thamani. Tangu wakati huo dereva wa daladala ameishi chini ya sheria moja iliyo kali kuliko sheria zote za barabarani: hesabu. Jioni lazima ampelekee tajiri fedha walizopatana, gari limejaa au halikujaa, kuna foleni ya magari au hakuna. Kinachobaki ndicho ujira wake na wa kondakta wake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuegesha gari nje ya stesheni akiisubiri treni, hasa usiku. Atakwenda penye abiria wengi kwa dakika hiyo. Akiona njia imekuwa ngumu atakatisha ruti na kuwashusha watu katikati. Akimwona mwanafunzi mwenye nauli yake ndogo atafunga mlango. Haya ni maovu, na sheria ina haki ya kuyaadhibu, lakini yanatokana na mpango wenyewe wa ujira. Kumfanya dereva awajibike kwa ratiba ya treni huku akilipwa kwa kukimbiza vichwa ni sawa na kumwajiri mvuvi kisha kumgombeza kwa kunuka samaki.

Hapo ndipo linapoanzia suala la stesheni zetu mpya.

Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walijenga kwa faida yao wala hatuna sababu ya kuwashukuru. Hata hivyo, stesheni zao zilikuwa na sifa moja: mji uliota mlangoni. Abiria wa Morogoro au Dodoma aliyeshuka katika stesheni ya zamani alitoka nje na kujikuta tayari yupo mjini, akaenda sokoni au kwa ndugu yake kwa miguu. Reli ya kisasa haikuweza kufanya hivyo kila mahali. Treni ya kasi inataka njia iliyonyooka na stesheni yake inataka eneo kubwa, na maeneo hayo hayapo katikati ya mji. Ndiyo maana stesheni ya Dodoma iko Mkonze na ya Morogoro iko Kihonda. Uamuzi huo una sababu zake na sitaupinga. Ninachopinga ni kuuchukua uamuzi huo nusu. Ukiiondoa stesheni mjini, umelifanya basi la kutoka stesheni kuwa sehemu ya reli. Basi hilo ni behewa la mwisho la treni, nasi tumeliachia bahati.

Tazameni ramani. Dodoma, treni inafika Mkonze, stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, na Mji wa Serikali uko Mtumba, mbele zaidi upande wa barabara ya Dar es Salaam. Morogoro, treni iko Kihonda na mabasi ya mikoani yako Msamvu. Dar es Salaam, treni inaanzia katikati ya jiji, lakini stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamishwa mwezi Februari 2021 kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, ambako hakuna reli ya aina yoyote. Wala ugonjwa huu si mpya. Mwezi Oktoba 2012, wakati Dar es Salaam ilipopata treni ya abiria wa mjini, ile ambayo wananchi waliipa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Mwakyembe, njia moja iliishia Ubungo Maziwa wakati stendi kubwa kuliko zote nchini ilikuwa hapo hapo Ubungo, lakini kando ya barabara nyingine. Treni na basi viliitazamana kama majirani waliogombana.

Chukueni mwalimu wa shule ya msingi aliyekwenda Dar es Salaam kumwuguza mzazi wake. Anarudi kwa treni ya jioni. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ambayo kwa basi ingemla siku nzima, anatumia chini ya saa nne, nalo ni jambo la kujivunia kwa taifa. Anashuka Mkonze usiku, nyumbani kwake ni Nzuguni, upande wa pili wa mji. Nje kuna teksi, bajaji na bodaboda, na kila mmoja anataja bei akimtazama usoni, maana anajua kwamba mwalimu hana njia nyingine. Umeme wa Watanzania wote umemvusha mamia ya kilomita kwa nauli iliyopangwa na mamlaka, halafu kilomita chache zilizobaki anauziwa kwa bei ya mnada. Kama ni mwanamke aliye peke yake, bei si hofu yake kubwa.

Upande wa kwenda ni mbaya zaidi. Abiria wa treni ya alfajiri hutakiwa kufika mapema kwa ajili ya ukaguzi, na treni ya umeme haimngoji mtu. Mkazi wa Chanika au Mbagala Rangi Tatu ataondoka nyumbani usiku wa manane, akihesabu kwa vidole: daladala ikija mapema, isipojaa, isipokatisha ruti, nitawahi. Kiungo kimoja kikikatika anaikosa safari yake. Mwenye gari lake hana hesabu hizo. Hivyo reli iliyojengwa kwa kodi ya wote inaanza polepole kuwa chombo cha wale wanaoweza kuifikia, na ubaguzi huo haukuandikwa katika sera yoyote. Umejificha kwenye giza la saa kumi alfajiri.

Nani anawajibika? Hapa ndipo urasimu wetu unapoonyesha ufundi wake. Shirika la Reli litasema kazi yake inaishia kwenye lango la stesheni. LATRA, iliyoanzishwa mwaka 2019 kusimamia usafiri wa ardhini, itasema imetoa leseni na kupanga ruti. DART itasema mabasi yake yana njia zake, nayo iko chini ya TAMISEMI na si chini ya Wizara ya Uchukuzi. Stendi ni mali ya halmashauri. Barabara kuu ni ya TANROADS, ile ya mtaani ni ya TARURA. Kila mmoja anasema kweli, na kweli zote zikijumlishwa, abiria anabaki amesimama nje ya lango na begi lake. Ofisi sita zimegawana kazi kwa haki. Kilichosahauliwa ni kwamba abiria ni mmoja na safari yake ni moja.

Wapo watakaojibu kwamba ruti za kwenda stesheni zimeshapangwa. Ruti iliyoandikwa ubavuni mwa gari haimchukui mtu. Swali ni moja tu: treni ya mwisho inapofika, basi lipo au halipo? Wengine watasema soko litajirekebisha lenyewe, kwamba abiria wakiwa wengi magari yatakuja. Soko limepewa nafasi tangu mwaka 1983, na majibu yake twayajua: linakuja saa ya faida na kulala saa ya hasara. Treni ya saa nne usiku yenye abiria wachache wa daladala haitapata rafiki katika soko.

Kinachotakiwa hakihitaji mkopo wa nje. Ratiba ya treni inajulikana kwa kila mwenye kuitaka. Iwekwe juu ya meza moja na ratiba ya mabasi, na kila treni ipewe mabasi yake kwa jina, yenye kungoja hata treni ikichelewa. Mwenye mabasi hayo alipwe kwa safari aliyoifanya na wala si kwa vichwa alivyovikimbiza. Hesabu ikiondoka, sababu ya kumwacha mwanafunzi itaondoka nayo. Abiria akikata tiketi ya treni aweze kukata hapo hapo na ya basi, ili ajue tangu Dar es Salaam kwamba Mkonze nafasi yake ipo. Na awekwe mtu mmoja, mwenye jina na simu iliyobandikwa ukutani, wa kuulizwa basi lisipokuwapo. Jambo hili la mwisho ndilo litakalopingwa kuliko yote, maana ofisi zetu zinapenda sana kamati na zinaogopa sana jina la mtu.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wananchi. Wengi tulidhani dharau ni kumfokea mtu kaunta. Kupanga safari za watu bila kusafiri nao ni dharau ya kimyakimya zaidi, na yeye anayeifanya huenda ni mtu mpole, mchaji, mwenye shahada mbili. Miongoni mwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wamo walio na mamlaka ya kuitisha kikao cha ofisi hizo sita. Wakiitishe. Kifanyike Mkonze usiku, nje ya lango, baada ya treni ya mwisho kufika, na wajumbe wote waje bila magari ya ofisi.